Nyumba Mpya Iliyozunguka Dunia: Asili na Kuenea kwa Jina Xavier

Julai 11, 2010, Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia mjini Johannesburg kwa kuwafunga Waholanzi bao moja kwa bila, kikosi chake kilikuwa na viungo watatu ambao msikilizaji wa redio angeweza kudhani ni mtu mmoja: Xavi Hernández, Xabi Alonso na Javi Martínez. Wa kwanza ni Mkatalunya wa Terrassa, wa pili ni Mbaski wa Tolosa, wa tatu ni mtu wa Navarra. Mmoja anaandikwa kwa v, wa pili kwa b, wa tatu kwa j. Hata hivyo jina ni lile lile, na mzizi wake hauko katika Kikatalunya wala katika Kihispania. Uko katika maneno mawili ya Kibaski: etxe, yaani nyumba, na berri, yaani mpya.

Kibaski ni lugha ya pembe ndogo ya Ulaya, pale milima ya Pirenei inaposhuka kuelekea bahari, sehemu Hispania na sehemu Ufaransa. Wasemaji wake leo hawafiki milioni moja. Imekuwaje basi neno la lugha hiyo likawa jina la watoto Brazili, Poland, Kerala, Marekani, Rwanda na Songea? Jibu la haraka ni kwamba alikuwepo mtakatifu aliyeitwa hivyo. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Watakatifu ni wengi, na wengi wao wana majina ya ukoo ambayo hakuna mzazi aliyewahi kumpa mtoto. Lazima kuwe na sababu nyingine, na tukizichunguza tutaona jambo la kushangaza kidogo: katika safari ndefu ya jina hili la Kibaski, Wabaski wenyewe ndio waliolibeba kwa hatua chache kuliko wote.

Nyumba kwanza, mtu baadaye

Kibaski hakina ndugu. Wataalamu wa lugha wamekitafutia ukoo Kaukazi, Afrika ya Kaskazini na kwingineko, wakarudi mikono mitupu. Kilikuwepo kabla ya Warumi kuleta Kilatini, na kimebaki wakati majirani wake wote walipomezwa. Katika utamaduni wa wasemaji wake, nyumba ilikuwa na jina kabla ya mtu. Etxe haikuwa kuta na paa peke yake. Ilikuwa shamba, haki ya malisho, na mahali pake pa kuzikia wafu kanisani. Mtu alijulikana kwa nyumba anakotoka, na ukoo ulichukua jina la nyumba hiyo.

Nyumba mpya hujengwa kila mahali. Ndiyo maana jina hili limezagaa kama Mjimpya ilivyozagaa katika miji ya Tanzania. Ukikutana na Etxeberria, Echeverría, Etcheverry au Chávarri, umekutana na nyumba mpya iliyovaa nguo tofauti. Luis Echeverría, aliyekuwa rais wa Meksiko kuanzia 1970 hadi 1976, alibeba maana hiyo hiyo. Majina haya yalibaki ya ukoo. Ni moja tu kati yake lililoruka ua na kuwa jina la ubatizo, nalo ndilo lililoharibika zaidi.

Neno "kuharibika" hapa si tusi. Javier ni kijiji chenye boma la mawe ukingoni mwa mashariki ya Navarra, karibu na Sangüesa na mpaka wa Aragon. Hapo Kibaski kilipakana na lugha zilizotokana na Kilatini, na majirani hao walilitamka Etxeberri walivyoweza. E ya mwanzo ikadondoka. Che ikawa sha. Berri ikavunjika na kuwa vierre, kwa kanuni ile ile iliyofanya terra ya Kilatini kuwa tierra kwa Wahispania. Upande wa Aragon kuna vijiji vya Javierre, Javierregay na Javierrelatre, ushahidi kwamba Kibaski kiliwahi kusemwa ng'ambo ya maeneo kinakosikika leo. Kwa hiyo ile "ie" iliyomo ndani ya Xavier ni alama ya kinywa kisicho cha Kibaski. Jina lilikuwa limeshapokelewa na wageni kabla ya mwenye kulitangaza kuzaliwa.

Mtoto wa boma lililokatwa minara

Fransisko, mtakatifu wa jina hili, alizaliwa Aprili 7, 1506. Baba yake, Juan de Jaso, alikuwa mwanasheria na rais wa baraza la mfalme wa Navarra. Mama yake, María de Azpilcueta, ndiye aliyekuwa mrithi wa boma la Javier. Majina ya ukoo wakati huo hayakufuata mstari mmoja kutoka kwa baba kama yanavyofuata sasa: kaka mmoja alijulikana kwa Azpilcueta, na mdogo wao akajulikana kwa boma alimozaliwa. Kama angechukua jina la baba, leo dunia ingekuwa na akina Jaso.

Mwaka 1512 majeshi ya Kastilia yaliiteka Navarra. Mwaka 1516, kwa amri ya Kardinali Cisneros, ngome za Navarra zilibomolewa, na boma la Javier likakatwa minara yake. Kaka zake Fransisko waliingia vitani kuupigania ufalme uliokwisha kuanguka. Katika mapigano ya Pamplona ya 1521 alijeruhiwa mguu Mbaski wa upande wa pili, mtumishi wa Kastilia aliyeitwa Iñigo wa Loyola. Miaka michache baadaye, Paris, kijana wa Javier na huyo Iñigo, ambaye sasa alijiita Ignasi, walilala chumba kimoja katika Chuo cha Sainte-Barbe. Kutokana na urafiki huo uliochelewa kukolea ilizaliwa nadhiri ya Montmartre ya 1534, na kutoka hapo Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, lililoidhinishwa na Papa mwaka 1540.

Je, Fransisko alikuwa Mbaski kwa lugha? Yeye mwenyewe alijibu. Katika barua aliyoiandika Januari 1544 kutoka Cochin, kusini mwa India, alikokwenda kama mmisionari, alieleza alivyoshindwa kuelewana na wavuvi wa pwani kwa sababu lugha yao ya kuzaliwa ilikuwa ya Kimalabari na yake ya Kibiskaya. Kibiskaya ndilo jina ambalo watu wa wakati huo walikipa Kibaski chote.

Fransisko yupi?

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Mtu huyu hakujiita Xavier. Barua zake alizitia sahihi ya Francisco, basi. Wareno aliosafiri nao walimwita Padri Mwalimu Francisco. Alifika Goa 1542, Malaka 1545, visiwa vya Maluku baadaye, na Kagoshima nchini Japani Agosti 15, 1549. Alifariki Desemba 3, 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akiitazama China asiyoruhusiwa kuingia. Muda wote huo jina la nyumba yao lilikuwa nyuma, kama anwani tu.

Lilisogea mbele baada ya kifo. Machi 12, 1622, Papa Gregori XV aliwatangaza watakatifu watano kwa mpigo: Isidori mkulima wa Madrid, Ignasi wa Loyola, Fransisko huyu, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Tatizo la makarani wa daftari za ubatizo likajitokeza papo hapo. Kanisa lilikuwa tayari na Fransisko wa Assisi, na Fransisko wa Paola aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1519. Baadaye wakaongezeka Fransisko wa Sales na Fransisko Borja. Mzazi aliyetaka mwanawe awe chini ya ulinzi wa mmisionari wa Goa asingeweza kusema "Fransisko" akaeleweka. Ilimlazimu aongeze: Francisco Xavier. Majina mawili yakaenda pamoja kama pete na kidole, mpaka vizazi vilivyofuata vikaona la pili linaweza kusimama peke yake.

Hoja hii inaweza kupimwa. Mchukue Ignasi. Yeye pia alikuwa Mbaski, yeye ndiye mwanzilishi wa shirika, na Loyola nalo ni jina la mahali katika nchi ya Wabaski. Kwa nini basi Loyola halikuenea kama Xavier? Kwa sababu Ignasi hakuwa na haja ya kutofautishwa. Jina lake la kwanza lilitosha. Sasa mchukue Fransisko Borja. Hispania leo ina wanaume wengi wanaoitwa Borja tu, na njia ni ile ile: Fransisko wengi, jina la pili likahitajika, kisha likajitegemea. Kwetu tumeona jambo hilo hilo kwa Yohane Bosco na Aloisi Gonzaga. Bosco na Gonzaga ni majina ya koo za Italia, lakini Afrika Mashariki ni majina ya ubatizo. Mmoja wa Mashahidi wa Uganda aliitwa Gonzaga Gonza. Bosco kwa Kiitalia ni msitu. Anayeitwa Bosco kule Kampala haitwi hivyo kwa ajili ya miti, wala Xavier haitwi hivyo kwa ajili ya nyumba. Jina la ukoo likishageuka kuwa jina la ubatizo, maana yake ya kwanza hulala, na kazi yake inakuwa kumtaja mtu mmoja mahususi.

Shule, kasri na bahari

Haja ya kutofautisha inaeleza kwa nini Xavier liliwezekana. Haielezi lilivyofika mbali. Hilo lilikuwa kazi ya Wajesuiti. Katika karne za 17 na 18 walikuwa na shule zilizosomesha watoto wa wakubwa wa Ulaya Katoliki, na misheni zilizoandamana na meli za Ureno na Hispania. Katika nchi za Kijerumani Franz Xaver likawa jina la kawaida kabisa: Franz Xaver Süssmayr alikamilisha misa ya wafu aliyoiacha Mozart, Franz Xaver Wolfgang lilikuwa jina la mtoto wa Mozart mwenyewe, na Franz Xaver Gruber alitunga mwaka 1818 tuni ya wimbo wa Krismasi wa Usiku Mtakatifu. Kasri nazo zilifuata. Mfalme Louis XVIII wa Ufaransa alibatizwa Louis Stanislas Xavier. Mama yake alitoka katika ukoo uliotawala Saxony, na mjomba wake huko aliitwa Franz Xaver. Jina lililozaliwa katika ufalme mdogo uliovunjwa likawa linavaliwa na watawala.

Wajesuiti walifukuzwa Ureno mwaka 1759 na Hispania mwaka 1767, na mwaka 1773 Papa alilivunja shirika lenyewe. Lingetegemea shirika peke yake, jina lingefifia. Halikufifia, kwa kuwa lilikuwa limeshaingia katika mikono ya mababu na wajukuu, na familia hurithisha majina bila kuuliza ruhusa Roma. Shirika lilirudishwa mwaka 1814 na kukuta jina la Xavier liko palepale. Nchini Brazili lilikuwa hata limeshakuwa jina la ukoo: Joaquim José da Silva Xavier, maarufu kwa jina la Tiradentes, alinyongwa mwaka 1792 kwa kupanga uasi dhidi ya Ureno, na leo ni shujaa wa taifa. Chile wanawake huitwa Javiera, na wa kukumbukwa zaidi ni Javiera Carrera wa enzi za kupigania uhuru.

Herufi moja, midomo mingi

Jina hili lingekuwa limeandikwa kwa herufi nyingine, huenda historia yake ingekuwa nyepesi. X ndiyo iliyolichanganya. Katika Kihispania cha karne ya 16, x ilisomwa sh, na ndivyo Wabaski, Wareno na Wakatalunya wanavyoisoma katika jina hili mpaka leo: Shabier, Shavier, Shavié. Lakini sauti ya sh ya Wahispania ilirudi nyuma taratibu hadi kooni, ikawa kama kh ya neno kheri. Mwaka 1815 Akademia ya Kihispania iliamua sauti hiyo iandikwe kwa j, na Xavier likawa Javier, linalotamkwa Khavier.

Kwingine kila taifa lilisoma x kwa miwani yake. Wafaransa walisema Gzavié. Wajerumani walisema Ksafa. Waitalia, ambao x si herufi yao ya kila siku, walilainisha wakapata Saverio. Wapoland waliandika wanachokisikia: Ksawery. Wajapani wakapata Zabieru. Wakatoliki wa Kitamil wakapata Savari, wakaliunganisha na maneno yao na kuunda majina kama Savarimuthu. Waingereza wakasema Zeivya, na Wamarekani wengi wakaongeza jina la herufi yenyewe mwanzoni: Eks-zeivya.

Marekani ndiko jina lilikojitenga zaidi na kanisa. Lilianza na taasisi za Kikatoliki, kama Xavier University of Louisiana mjini New Orleans, iliyoanzishwa na Katharine Drexel kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kisha mwaka 1963 Stan Lee na Jack Kirby walimwumba Profesa Charles Xavier, kiongozi wa mashujaa wa vibonzo waitwao X-Men, na wasomaji wasiojua lolote kuhusu Goa wakalipenda jina kwa herufi yake ya kwanza. Herufi iliyolichanganya jina ikageuka kuwa pambo lake.

Pwani yetu

Afrika Mashariki tuna sehemu katika hadithi hii, tena ya mapema. Meli iliyomtoa Fransisko Lisbon Aprili 1541 ilikwama kisiwani Msumbiji kwa nusu mwaka ikingoja upepo. Ilipoendelea mwaka 1542 ilitia nanga Malindi. Huko alizungumza na mzee mmoja Mwislamu mwenye heshima, aliyetaka kujua kama Wakristo wanahudhuria makanisa yao, kwa sababu katika misikiti 17 ya mji huo ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Fransisko aliyasimulia mazungumzo hayo katika barua ya Septemba mwaka huo kutoka Goa. Kikanisa kidogo cha Wareno kilichoko ufukweni Malindi, chenye makaburi uani, hadi leo huhusishwa naye.

Hata hivyo itakuwa kosa kusema kwamba jina Xavier lilifika kwetu mwaka 1542. Aliyefika ni Padri Mwalimu Francisco. Jina lilifika zaidi ya miaka 300 baadaye, tena kwa milango mingi. Wagoa waliohamia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam walikuja nalo pamoja na ibada ya mtakatifu ambaye mwili wake uko katika basilika ya Bom Jesus, na ambaye wao humwita Goencho Saib, Bwana wa Goa. Wabenedikto wa Kijerumani waliotua Tanganyika mwaka 1888 walitoka Bavaria, nchi ya akina Xaver. Mapadri waliosema Kifaransa waliwabatiza watu François-Xavier huko Rwanda, Burundi na Kongo. Huko Bukavu, miaka ya 1950, lilianzishwa vuguvugu la vijana Wakatoliki lililopewa jina la Xaveri, nalo likaenea nchi za jirani.

Ndiyo maana hatuna tahajia moja. Katika daftari za ubatizo za kanda hii utakuta Xavery, Xaveri, Ksaveri, Saveri, Zaveri na Zaverio, na mara nyingi ndugu wawili wa ukoo mmoja hawaandiki sawasawa. Wenye kudhani huo ni uzembe wa makarani wamekosea. Kiswahili hakina x, na kila tahajia ni kumbukumbu ya kinywa cha mgeni aliyelileta jina, ikishafanyiwa kazi na kinywa cha mwenyeji aliyetaka neno limalizike kwa irabu. Ni kazi ile ile waliyoifanya watu wa mpakani mwa Aragon walipokutana na Etxeberri.

Lilivyorudi nyumbani

Na Wabaski? Katika utawala wa Franco nchini Hispania, amri ya 1938 iliyataka majina katika daftari za raia yawe ya Kihispania. Xabier halikuruhusiwa, Javier ndilo lililoandikwa. Sheria ya Januari 1977 ilifungua mlango wa majina katika lugha nyingine za Hispania, na Xabier, kwa b kwa kuwa Kibaski hakina sauti ya v, likashika nafasi. Xabi Alonso alizaliwa 1981, katika kizazi cha kwanza cha uhuru huo.

Lakini Xabier ni jina lililorudishwa kutoka ugenini. Kama lingetoka moja kwa moja katika Kibaski lingekuwa Etxeberri. Lilinganishe na Aitor, jina lililobuniwa na mwandishi Augustin Chaho mwaka 1845 kama la babu wa Wabaski wote, au na Arantxa, linalotokana na hija ya Bikira Maria wa Arantzazu. Hayo ndiyo majina Wabaski waliyojitungia au kujichagulia, na mengi yamebaki karibu na nyumbani. Lililozunguka dunia ni lile ambalo wengine walilipinda, wakalipakia melini na kulisoma walivyotaka.

Kwa hiyo tukigawa sifa kwa haki, Wabaski walitoa maneno mawili. Majirani zao walitoa umbo. Wingi wa akina Fransisko ulitoa sababu, Wajesuiti wakatoa njia, na kila taifa likatoa matamshi. Anayedai kwamba majina huenea kwa nguvu ya lugha yake, au kwa uzuri wa maana yake, hapati ushahidi katika jina hili.

Desemba 3, siku aliyofariki mtu wa Javier, leo ni siku ya Navarra na pia ni siku ya kuadhimisha lugha ya Kibaski. Boma lake lililokatwa minara mwaka 1516 lilianza kukarabatiwa mwishoni mwa karne ya 19, na kila mwezi Machi maelfu ya mahujaji hutembea kwa miguu kwenda kulizuru.